Meza Yenye Skrini ya Kujificha

Kila siku akitoka shule, Coleta alivua sare, akaosha vyombo, akachambua maharage kama Mama alikuwa ameyaacha kwenye ungo, kisha akaenda barazani kwenye meza yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba yao ilikuwa Malangali, ambako ukitoka mlangoni upande mmoja unaona maduka ya Sumbawanga na upande wa pili unaona mahindi.

Wiki hiyo hakuna kitu kilichomkera kama meza hiyo.

Mambo yalianza na kompyuta. Mjomba Victor, anayefanya kazi Matai, aliwapa Coleta na kaka yake Timoth kompyuta yake ya zamani. Walipomaliza kazi za shule walicheza gemu ya mpira mpaka sauti zikawakauka. Lakini soketi inayofanya kazi ilikuwa moja tu, sebuleni, na sebule hiyohiyo ndiyo ya kulia chakula, kupigia pasi na kupokea wageni.

"Jumamosi jumuiya inasali hapa kwetu," Mama aliwaambia. "Sitaki watu wasali huku wamekodolewa macho na skrini. Na mkiibebabeba mtaivunja. Tafuteni namna ya kuificha, la sivyo inarudi Matai."

Timoth alikata tamaa palepale. Coleta hakukata. Aliwahi kuona meza ya cherehani kwenye karakana ya Fundi Saad, cherehani ikizama ndani na juu kubaki tambarare. Kama cherehani inazama, skrini itashindwaje? Akamwomba fundi mabaki ya mbao, reli mbili kuukuu za droo na kapi dogo la kupitishia kamba, akaanza kazi.

Skrini aliifunga kwenye ubao wa kupanda na kushuka kati ya zile reli mbili. Kamba ilitoka kwenye ubao, ikapita juu ya kapi, ikaning'iniza kopo la mchanga upande wa pili. Kopo likishuka, skrini ipande. Ukiisukuma chini na kufunga komeo, ibaki imejificha chini ya kifuniko.

Ndivyo alivyopanga. Skrini ilipanda kidogo, ikakwama. Akapaka reli mafuta ya kupikia, ikakwama. Akapiga ubao randa mpaka mikono ikawaka moto, ikakwama vilevile. Akaipiga meza teke, na kidole cha mguu ndicho kilicholia.

"Mambo vipi, fundi?" Timoth alimtania kutoka dirishani.

"Niache!"

Kesho yake Fundi Saad alipita kuona kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti." Akainama, akachungulia kwa jicho moja. "Reli zako chini zimeachana, juu zimekaribiana. Ng'oa zote mbili, pima upya, funga upya."

"Zote? Hizo skrubu nimezifunga siku nzima!"

"Basi utazifungua siku nzima," alijibu fundi, akaenda zake. Alikuwa na kazi ya milango Mwimbi.

Coleta alikaa chini akalia kwa hasira. Aone kazi yote ile ikirudi kuwa mbao tupu? Hapana. Alipofuta machozi, hakushika bisibisi. Alishika koleo, akalijaza kopo mchanga mpaka juu. Skrini ikaruka juu kwa kishindo. Kuirudisha chini ilimbidi ailalie kwa kifua, na komeo halikuweza kuhimili, kwa hiyo akalikaza kwa msumari. Yeye na Timoth wakaisogeza meza sebuleni.

"Imekwisha?" Mama aliuliza Ijumaa. "Kesho naweza kuweka msalaba na mshumaa juu yake?"

"Imekwisha, Mama."

"Imara?"

"Imara kabisa."

Jumamosi asubuhi sebule ilijaa. Mama alitandika kitambaa cheupe juu ya meza, akaweka msalaba, akawasha mshumaa. "Tumsifu Yesu Kristo!" Mama Albina, kiongozi wa jumuiya, alisalimu. "Milele, amina!" waliitika. Wimbo ukaanza, makofi yakapamba moto, sakafu ikatetemeka, na meza nayo.

Msumari ukachomoka.

Kitambaa kikainuka kama mtu anayeamka chini ya shuka. Timoth, aliyekaa karibu, aliudaka msalaba. Mshumaa ulianguka ukashika pindo la kitambaa, na Mama Albina akauzima moto kwa kitenge chake. Wimbo ulikatika. Skrini nyeusi ikabaki imesimama mbele ya watu.

"Timoth!" Mama alifoka. "Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, Mama."

"Toka nje!"

Timoth aliweka msalaba juu ya kiti, akatoka ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemtazama Coleta. Angeweza kunyamaza, sala ingeendelea na mambo yangeisha. Lakini akatazama mlango aliotokea Timoth. Akasimama.

"Mama, si Timoth. Ni mimi. Meza haikuwa imekwisha. Fundi aliniambia nifungue reli, nikaona uvivu, nikaongeza mchanga. Jana nilikudanganya."

"Mwite kaka yako," Mama alisema tu.

Alasiri ile Coleta alifungua skrubu zote. Timoth, ambaye bado alikuwa amenuna, alikuja mwenyewe akamshikia ubao. Walipima, wakafunga, skrini ikakwama. Coleta alitamani kuitupa meza uani. Wakafungua tena, wakapima juu, katikati na chini, wakafunga tena. Wakapunguza mchanga kidogo kidogo. Jua likielekea kuzama, Coleta alisukuma kwa kidole kimoja, na skrini ikashuka taratibu bila kukwaruza.

Mama alikuja na vikombe vya chai. "Sasa naweza kuviweka hapa?"

Coleta alitaka sana kusema ndiyo. "Bado, Mama. Komeo linalegea. Mpaka nipate jipya."

Mama aliweka chai sakafuni, akaketi kando yao.

"Leo nimeona aibu mbele ya wenzangu," alisema, "na nimemwonea kaka yako. Timoth, nisamehe mwanangu. Na wewe Coleta, sikiliza. Ungeniambia jana kwamba meza haijaisha, ningeuweka mshumaa kwenye stuli, basi. Kazi ambayo haijaisha haimwaibishi mtu. Kibaya ni kuwaambia watu imekwisha, nao wakakuamini, wakawasha moto juu yake."