Fulana za Miaka Ishirini

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alianza kwa kufagia karakana ya shangazi yake, mchapaji wa fulana. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari za shule tu. Nyumbani waliomzoea walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alifagia huku anaongea, akapanga mikebe ya rangi huku anaongea, mpaka shangazi akaomba poo.

Siku moja kulikuwa na kazi kubwa. Chama kimoja cha programu huria za kompyuta kilikuwa kinatimiza miaka ishirini, nacho kiliagiza fulana themanini na vikombe themanini vya kumbukumbu. Sherehe ilikuwa kesho yake.

"Tukiwaridhisha hawa, watatupa kazi zao za mwaka mzima," shangazi alisema. "Tukiharibu, basi tena."

Alipomaliza kuchapa nembo vifuani, shangazi alikwenda kufuata vikombe. Chiriku akabaki na fulana zilizoanikwa kambani. Mara akaiona fremu ndogo ya kuchapia, imetundikwa ukutani. Hiyo ilichapa mstari mmoja tu, nyuma ya fulana, karibu na pindo: HAIRUHUSIWI KUNAKILI. Wateja wengi waliipenda, maana hakuna aliyetaka nembo yake iigwe.

"Masikini shangazi, kasahau!" Chiriku alijisemea.

Basi akachapa. Ya kwanza, ya pili, hadi ya themanini! Mikono ilimuuma, lakini alichekelea peke yake akisubiri kusifiwa.

Wakati anazikunja, aliokota kijitabu ambacho chama kilileta pamoja na nembo. Akasoma: "Programu zetu ni za watu wote. Zitumie, zichunguze, zibadilishe, zinakili, uwagawie wenzako."

Zinakili? Lahaula! Watu wamehangaika miaka ishirini kuwaambia walimwengu wanakili, na yeye kawavisha katazo!

Shangazi akaingia na maboksi. "Umeshakunja zote? Hongera, mwanangu!"

Chiriku akaitazama fulana ya juu. Zikikunjwa vizuri, maneno yale hayakuonekana kabisa. Moyo ulimwambia afunike kombe, wenyewe wachukue mzigo wao waende. Lakini kesho shangazi angeuweka wapi uso wake?

"Chiriku kimya? Unaumwa?"

"Shangazi, nimeharibu." Machozi yakamtoka. Akafunua pindo la fulana ya juu.

Shangazi aliketi kwenye kigoda puu! "Ewe mtoto! Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nilidhani umesahau. Nisamehe, shangazi."

Shangazi alishusha pumzi, kisha akachukua simu. "Mteja asiambiwe na fulana. Aambiwe na sisi."

Katibu wa chama alifika mbio, mwanamama mrefu mwenye miwani. Akasoma pindo. Akasoma tena. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini akajikaza.

"Ni mimi, mama. Shangazi hakujua."

"Zote themanini?"

"Zote."

Katibu akaangua kicheko mpaka akavua miwani. "Binti, kwetu programu ikiwa na kasoro tunaitangaza waziwazi, kisha yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Kasoro umeshaitangaza. Haya, rekebisha!"

Chiriku akafikiri, akiuma kidole. "Tukipiga mstari mwekundu juu ya HAIRUHUSIWI, halafu juu yake tuandike RUKSA?"

Wanawake wawili wakatazamana. "Mtoto huyu!" shangazi akasema, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye mkebe wa rangi nyekundu. Walichapa mpaka jua likazama.

Kwenye sherehe, wageni walikuwa wakigeuzana migongo wasome na kucheka. Waliokosa waliulizia zaidi, na katibu akaagiza nyingine mia, zenye kosa lilelile na marekebisho yaleyale.

Chiriku alikuwa amepata tena mdomo wake. "Shangazi, umeona? Kosa langu limetuletea bahati!"

"Usijidanganye, mwanangu," shangazi alisema, akimshika bega. "Siku nyingine uliza kwanza, kuuliza si ujinga. Na kosa halijatuletea kitu. Kilichotuletea ni ulimi wako uliosema kweli. Jana kosa lile lilikuwa mikononi mwetu, tukaliweza. Ungelificha, leo lingekuwa limevaliwa na watu themanini, na hapo mimi na wewe tusingekuwa na la kufanya."