Gari Langoni kwa Mzee Cele

"Usilinunue hilo."

Langelihle Mabaso aligeuka kumtafuta aliyesema. Ukumbi wa mnada wa magari pale Midrand ulikuwa umefurika Jumamosi ile, watu wamevaa kama wanakwenda harusini, wanapigana picha mbele ya magari yasiyo yao. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kisha akaona buti mbili zimechomoza chini ya gari alilokuwa akilikodolea macho tangu asubuhi: gari la mbio la haibridi, linalotumia petroli na umeme, jekundu, lenye umri wa miaka saba, limeinuliwa kwenye jeki.

"Wewe uliye chini, unasema na mimi?"

"Nasema na viatu vyako," sauti ya kike ikajibu. "Vimezunguka hapa mara sita. Vinaonekana vina pesa na havina akili."

Mwenye buti akajivuta nje. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa ovaroli ya bluu iliyofifia, glavu nene za mpira za rangi ya chungwa hadi viwikoni, nywele amezisuka twende kilioni na masikioni ana hereni ndogo za dhahabu. Shavu moja lilikuwa na doa la grisi. Langa alilitazama doa lile muda mrefu kuliko alivyolitazama gari, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Mimi naitwa Langa."

"Sikukuuliza. Nimetumwa na mteja nilikague, na nimeshamwambia aachane nalo. Injini nzima, mota za umeme nzima, betri kubwa ina afya. Lakini limekaa sana, na gari hili halipendi kukaa. Liache bila chaja, betri ndogo inakufa. Betri ndogo ikifa, kila kitu kinakufa. Hutawasha hata taa."

"Betri ndogo tu? Nitanunua nyingine."

"Ndivyo mnavyosema wote," fundi yule, Phindile Cele, akasema, akavua glavu.

Nusu saa baadaye Langa alikuwa mwenye gari. Tusimcheke haraka. Kazi yake ilikuwa kukodisha mahema na viti vya misiba na harusi, na alikuwa na pikapu saba zilizonuka vumbi na plastiki. Tangu utotoni alitaka kumiliki kitu kimoja tu maishani ambacho hakibebi viti. Alikipata. Akamwomba fundi namba ya simu, kwa ajili ya gari, alisema.

Siku ya kumi na nne simu ililia gerejini kwa Phindile, Wynberg.

"Fundi Phindile? Ni Langa. Wa lile jekundu."

"Limekufa."

"Umejuaje?"

"Ulilichaji?"

"Nililichomeka vizuri kabisa. Umeme ukakatika, si unajua huu mgao."

"Wiki mbili mfululizo?"

"Umeme uliporudi, nilikuwa nimezima swichi ya ukutani."

Phindile alikwenda kulifufua, akimtukana mtu asiyekuwepo njia nzima hadi kwa Langa, Edenvale. Akamkuta Langa amesimama getini na maandazi ya magwinya ya moto kwenye karatasi na chai ya maziwa kwenye chupa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Walikula wameketi sakafuni mwa gereji, migongo imeegemea gurudumu. Wiki iliyofuata gari likafa tena. Wiki ya tatu likafa, na safari hii Phindile akagundua chaja imechomolewa kwa mkono.

"Umeichomoa mwenyewe."

"Ningesema nini sasa? Nimekumiss fundi?"

"Ndiyo, mjinga wewe! Ungesema hivyo!"

Wakapendana, basi. Lakini mapenzi ya gari lile yalikuwa ya kuchosha. Kila tuta barabarani lilipandwa kwa ubavu, kama mgonjwa anayepanda ngazi. Wakienda sokoni, kabichi zilikaa mapajani mwa Phindile. Wakisimama kwenye taa, vijana waligonga kioo waombe picha. Na wakitaka kuondoka nyumbani kimyakimya kwa umeme, lazima mtu mmoja atoke nje kuwaonya majirani, kwa sababu hakuna aliyelisikia likija na bibi wa namba tisa alishakoswa mara mbili.

"Langa, badilisha betri ndogo," Phindile alisema mwezi Juni.

"Nitabadilisha, mpenzi."

"Langa, ile betri," alisema Julai.

"Nimeshasikia, MaCele wangu," akajibu, akimwita kwa jina la ukoo wake.

Hakuwa mwongo. Alisikia kweli, kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Mwezi wa tisa akasema anataka kutuma washenga kwa kina Phindile, Vosloorus. Phindile alifurahi mpaka akalia, halafu akafuta machozi na kuweka sharti.

"Siku hiyo lile gari lisikanyage kwetu. Baba ameendesha basi miaka thelathini na moja, mtu wa kujionyesha hamtaki hata barazani. Na wazee wakiliona tu, ng'ombe wa mahari wanaongezeka palepale."

"Mimi mwenyewe siruhusiwi kufika. Gari litafikaje?"

"Niahidi."

"Naahidi."

Kila mtu Vosloorus anajua taratibu. Washenga wanafika asubuhi, wanasimama nje ya lango, wanaita majina ya sifa ya ukoo mpaka wenye nyumba wapende kufungua. Wakichelewa wanatozwa mbuzi. Mwoaji haonekani, akionekana, wazee wanaweza kuwarudisha washenga wake kwao na aibu yao. Binti naye anafungiwa chumbani mpaka aitwe kujibu swali moja mbele ya wote: unawajua watu hawa? Akisema hapana, mambo yameishia hapo.

Jumamosi hiyo, saa mbili kasoro, Phindile alikuwa chumbani amejifunga kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, shali mabegani, sketi hadi vifundoni. Akasikia nje sauti ya Baba Mdogo Bhekani, ami yake Langa: "Ndosi! Magaye! Tumekuja kuomba ujamaa!" Akatabasamu. Akasogeza pazia kidogo tu.

Akaacha kutabasamu. Akachukua simu.

"Langa."

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Usiniite mpenzi. Niambie kile chekundu ninachokiona langoni kwa baba yangu si kile ninachokifikiria."

"Ndicho."

"Na wewe uko wapi?"

"Ndani yake."

Phindile akakaa kitandani. Akasimama. Akakaa tena.

"Pikapu ya Baba Mdogo imekatika ekseli pale kituo cha mafuta," Langa alisema haraka. "Zangu zote saba ziko misibani, si unajua Jumamosi. Teksi nimeita tatu, zote zimenitosa. Wangechelewa, MaCele! Nikaja na hili. Ni la watu wawili, kwa hiyo nimewaleta mmojammoja, kwa umeme, bila kelele. Baba Mdogo Zakhele ndiye aliyechelewa kutoka, unajua tumbo lake, amehangaika na mlango dakika tano..."

"Basi ondoka! Baba hajatoka bado!"

"Limezimika."

Phindile akafumba macho. "Betri ndogo."

"Betri ndogo."

"Ile niliyokuambia Juni."

"Ile ya Juni."

"Na Julai. Na Agosti!"

"MaCele, nimejikunja chini ya usukani na shangazi yako ameegemea kioo. Naomba unigombeze kwa kunong'ona."

Alinong'ona, lakini kwa hasira iliyomtoa jasho. "Unajua nini? Si gari. Gari ni chuma tu, halina kosa. Ni kwamba mimi nikisema, wewe unasema ndiyo mpenzi, na hakuna kinachotokea. Miaka hamsini ya ndiyo mpenzi, Langa! Mimi siiwezi. Wakiniita wakaniuliza kama nawajua ninyi, nitasema siwajui."

"Phindile."

"Nitasema siwajui."

Sauti ya Langa haikuwa tena na mzaha. "Niambie nifanye nini sasa. Nifungue mlango nikimbie?"

"Ukitoka wanakuona, na washenga wako wanafukuzwa. Usitoke. Usisogee. Usiguse kitu."

"Sawa."

"Hakuna kiyoyozi humo. Jua linakuja."

"Umesema nisitoke," Langa akasema, na Phindile akakata simu.

Jua lilikuja. Washenga waliita na kuita, na wenye nyumba walikunywa chai taratibu, ndiyo desturi. Shangazi Thoko aliweka sinia la skonzi juu ya paa la gari kwa sababu lilikuwa na kimo kizuri. Majirani wakaja kupiga picha. Mmoja alisema, "Jamani, kuna mtu humu," na Shangazi Thoko akamkanyaga mguu. Kila Phindile alipochungulia aliona kitu kilekile: mgongo wa shati jeupe uliolowa mpaka ngozi ikaonekana, na mkono umekunjwa juu ya kichwa. Haukusogea. Saa nzima ikapita, na nusu ya pili. Alitaka kuendelea kumkasirikia na alikuwa akiweza, ila macho yalikuwa yakimchoma.

Ndipo Mzee Cele akatoka. Alivaa suti ya kaki na kofia yake ya kanisani. Akalizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua basi kabla ya safari. Akasoma kibao cha namba kwa sauti, herufi kwa herufi, maana mwenye gari alikuwa amelipia kiandikwe jina lake: "L, A, N, G, A." Akainama dirishani. Pua yake na kisogo cha Langa vilitenganishwa na kioo tu.

"Gari hili halina mtu," akatangaza.

Watu thelathini wakakitazama kile kisogo. "Halina, Baba," wakasema.

"Afadhali. Lingekuwa na mtu, na mtu mwenyewe akawa yule ninayemdhania, ningewarudisha wageni wangu sasa hivi." Akakohoa. "Angekuwepo, ningemuuliza jambo moja. Binti yangu akisema kitu, yeye husikia?"

Asiyekuwepo hasemi. Mzee alisubiri muda wa kutosha, akatikisa kichwa kidogo, kisha akageukia nyumba.

"Phindile! Nimekusomesha ufundi, kuna kitu kimefunga lango langu. Njoo ukitoe."

Alitoka na sketi yake ndefu na shali, na juu ya shali zile glavu za mpira, mkononi mkoba wa vifaa. Wanawake wakacheka. Hakuwatazama, wala hakutazama ndani ya gari. Alipapasa chini ya bampa akavuta waya anaoujua yeye, boneti ikafunguka, akaunganisha betri yake ya kubebea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye injini:

"Nikisema bonyeza, bonyeza. Nisiposema, usibonyeze."

"Sawa," shati lililolowa likajibu.

Taa za ndani zikawaka. Gari lilikuwa tayari palepale, na Langa aliona kwenye dashibodi kwamba liko tayari. Phindile naye aliona. Akanyamaza. Akavua glavu moja, kidole kwa kidole. Akaikunja. Akavua ya pili. Jasho la Langa lilikuwa likidondoka juu ya usukani, kidole chake kiko juu ya kitufe, mtaa mzima uko nje unamtazama asiyekuwepo. Dakika ikapita. Ikapita nyingine. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kusubiri hata taa igeuke kijani.

Hakubonyeza.

Phindile akaweka glavu kwenye mkoba.

"Bonyeza," akasema.

Gari likaondoka bila sauti yoyote, sinia la skonzi likiwa limenyakuliwa na Shangazi Thoko sekunde ya mwisho, likakata kona na kutoweka.

Lango likafunguliwa. Washenga wakaketishwa chini kwenye mkeka, koo zimewakauka, Baba Mdogo Zakhele akipangusa uso kwa tai yake. Yakasemwa ya kusemwa. Kisha Phindile akaitwa, akapiga magoti mlangoni, macho sakafuni.

"Watu hawa wanasema wamekuja kwa ajili yako," Mzee Cele akasema. "Unawajua?"

Phindile alikawia kujibu, na Baba Mdogo Bhekani akaacha kupumua.

"Ninawajua, Baba."

"Wote?"

"Wote," Phindile akasema. "Hata yule ambaye hakuwepo."

Mzee akaishusha kofia kidogo usoni, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko mara mbili. Halafu akaagiza wageni wapewe maji.