Ijumaa ya Dinari

Jovelyn aliosha mchele huku akitaja fedha za nchi. Akiuzungusha kwa mkono alisema, "Vietnam, dong." Akimwaga maji meupe kwenye ndoo ya nguruwe, "Laos, kip." Kisha akaendelea, "Thailand, baht. Kambodia, riel. Mongolia, tugrik." Mchele ulipotakata, kabla hajaufunika, alitaja nchi moja ya mwisho, polepole kuliko zote: "Kuwait, dinari."

Bibi yake, Lola Pacing, yaani Bibi Pacing kwa lugha ya kwao, alikuwa ameketi mlangoni akipara samaki.

"Inday," alimwita, kama alivyozoea kumwita mjukuu wake, "katika hizo fedha zako zote hakuna hata moja ya kununulia chumvi hapa mjini Miagao. Na chumvi imekwisha."

"Ni za mashindano, Lola."

"Basi hayo mashindano yatuletee chumvi."

Jovelyn alicheka, akakimbilia dukani. Yeye, Shaira na Rodel walikuwa wamechaguliwa kuiwakilisha shule yao katika chemsha bongo ya mkoa kuhusu uchumi na fedha za dunia, ambayo ingeoneshwa kwenye televisheni. Kwa fedha za nchi, hakuna aliyemfikia Jovelyn. Lakini hakuna aliyejua elimu hiyo ilianzia wapi. Mama yake alipokwenda Kuwait kufanya kazi za nyumbani, Jovelyn alimuuliza mwalimu wake wa wakati huo, "Huko wanatumia pesa gani?" Alidhani akiijua pesa ya mahali, mahali penyewe patakuwa karibu kidogo. Alipomaliza Kuwait akahamia kwa majirani zake, na kabla hajajua alikuwa ameizunguka dunia nzima. Kuwait ilibaki mbali vile vile.

Mama aliondoka Jovelyn akiwa na pengo la meno ya mbele. Meno yalikwishaota yote, na mama aliyaona kwenye simu tu. Kila Ijumaa, waajiri wake wakienda kutembelea ndugu zao, alipata nafasi ya kupiga. Kule ilikuwa bado asubuhi, huku ni alasiri. Alimwambia Jovelyn asimame kwenye mwimo wa mlango ili aone amerefuka kiasi gani. Wiki nzima Jovelyn aliishi akiingoja saa hiyo. Kati ya vitu vilivyokuja katika sanduku kubwa la zawadi alilotuma mama, kulikuwa na sabuni ambayo hakuitumia kamwe. Aliiweka chini ya mto, akawa anainusa.

Ndipo Mwalimu Delmo, aliyewaandaa kwa mashindano, alipotangaza, "Mazoezi ni kila Ijumaa baada ya masomo. Asiyekuja, nafasi yake nitampa mwingine."

Ilikuwa saa ile ile ya mama. Kuueleza ukweli kulihitaji kufungua kinywa tu. Lakini karibu nusu ya darasa walikuwa na baba au mama ng'ambo, na hakuna aliyekuwa akilialia. Angeanzaje yeye? Ijumaa ilipofika alimfuata mwalimu, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, Lola anaumwa. Miguu imevimba, hawezi kuamka."

"Maskini! Nenda ukamtazame, mwanangu."

Uongo ulipita kilaini, basi Ijumaa iliyofuata akaurudia, tena akauongezea homa. Akili zake zote za uchumi hazikumkumbusha jambo ambalo hata mtoto mchanga wa Miagao analijua: huwezi kutangaza mgonjwa katika mji ule halafu watu wakakaa kimya majumbani kwao.

Alasiri hiyo alikuwa ameiegemeza simu kwenye chupa ya siki, uso wa mama ukiwa umejaa kwenye kioo.

"Mbona siku hizi hunisimulii habari za mazoezi?" mama aliuliza.

"Yameahirishwa, Mama."

Hapo hapo ikasikika hodi. Jovelyn aligeuka. Mwalimu Delmo alikuwa mlangoni. Nyuma yake Shaira alikumbatia sufuria ya uji wa wali na kuku uliojaa tangawizi, na Rodel alibeba machungwa.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa," alisema mwalimu. "Amelala wapi?"

Jibu lilitoka nyumba ya jirani, kwenye kipaza sauti cha karaoke. Lola Pacing alikuwa katikati ya wimbo wa mapenzi, na alikuwa amefika pale panapopandishwa sauti.

Rodel alitega sikio. "Mwalimu, mgonjwa anaimba."

"Nyamaza, Rodel."

"Tena ana pumzi kuliko mimi."

Wimbo uliisha, watu wakapiga makofi, na Lola akaingia huku akijipepea, midomo ikiwa na rangi. Aliiona sufuria. Akaziona zile nyuso za huruma. Akamtupia mjukuu wake jicho moja tu, akaelewa. Basi akajishika kiuno, akajiachia kwenye kiti.

"Oo, mgongo wangu huu!"

"Tuliambiwa miguu, Lola," alisema Rodel.

"Na miguu pia. Wewe umetumwa kunihesabia maumivu?"

Shaira aliziba mdomo asicheke. Hata Mwalimu Delmo alitazama pembeni. Lakini kutoka kwenye chupa ya siki ilisikika sauti nyembamba iliyokuwa imesahaulika.

"Nani anaumwa? Mama, unaumwa? Tangu lini? Mbona mmenificha?"

Kicheko kilikatika. Kwenye kioo, mama alikuwa amesimama, mkono kifuani, machozi tayari yanamtoka. "Niambieni ukweli! Mimi niko huku, nitafikaje? Jamani, mama yangu ana nini?"

Jovelyn aliikamata simu kwa mikono miwili.

"Hakuna anayeumwa, Mama! Nimedanganya mimi! Mazoezi ni Ijumaa, saa hii hii. Ningekwenda nisingekuona. Nina hamu na wewe, Mama. Kila siku nina hamu na wewe. Nilidhani nikisema watanicheka."

Hakuna aliyecheka. Shaira, ambaye baba yake ni baharia, alijifuta macho kwa kola ya sare. Rodel akawa anageuzageuza chungwa mkononi. Lola Pacing aliuacha mgongo, akaja kuuweka uso wake karibu na wa mjukuu, ili binti yake amwone vizuri.

"Nitazame, mwanangu. Mzima kama chuma. Nilikuwa naimba kwa jirani."

"Ndiyo maana nilisikia kelele," alisema mama, akicheka na kulia pamoja.

Mwalimu Delmo alivuta kigoda, akaketi mbele ya Jovelyn.

"Ulitaka kupata saa moja na mama yako," alisema. "Umeipata kwa uongo, na ndani ya saa hiyo hiyo umemliza. Unaona? Mtu aliye mbali hana macho ya kuona kwetu. Ana maneno yetu tu. Tukiyaharibu, tumemwachia nini? Na mimi ungeniambia tu. Kuwa na hamu na mama si jambo la kuchekwa."

"Nisamehe, Mwalimu." Akawageukia wenzake. "Nisameheni na nyinyi."

"Uji utaula, na sufuria utaiosha," alisema mwalimu. Kisha akainama kwenye simu. "Mama Jovelyn, Ijumaa saa hizi huwa una nafasi?"

"Ninayo, Mwalimu."

"Mimi sauti yangu shule imeimaliza. Nahitaji mtu wa kuwasomea hawa maswali. Nikikutumia kwenye simu, utawasomea?"

Mama alitikisa kichwa kukubali, tena na tena.

Tangu siku hiyo mazoezi yalihamia kwa Lola Pacing. Mama alisoma maswali kutoka Kuwait, akiwakemea waliochelewa kujibu. Siku moja rafiki yake Almaz, Muethiopia wa nyumba ya pili, alisikia "Fedha ya Ethiopia ni ipi?", akaingiza kichwa kwenye kioo na kupaza sauti, "Birr!" Rodel akalalamika kwamba hiyo ni rafu. Na kila mara mama alibakiza swali moja la mwisho, asilolitoa kwenye maswali ya mwalimu, la Jovelyn peke yake.

Jioni moja Jovelyn alikuwa akiosha mchele. "Laos, kip. Thailand, baht. Kambodia, riel. Mongolia, tugrik." Akaufunika.

"Inday," Lola Pacing alisema kutoka mlangoni, "umesahau Kuwait."

"Sijasahau, Lola," alisema Jovelyn. "Hiyo ananiuliza Mama."