Kura ya Bi Enid

Clive Ormerod, karani wa baraza la jiji, alimwita marehemu.

Hakukusudia. Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, nayo orodha aliyoishika ilikuwa ya mwaka jana. Akatamka kwa sauti ya kutangaza harusi: "Diwani Enid Thackray!"

"Atakujibu kwa posta, Clive!" mtu akadakia. Ukumbi ukacheka, kisha ukaona haya. Bi Enid walimzika Novemba. Kiti chake kingebaki tupu hadi uchaguzi wa Mei.

Clive akawa mwekundu hadi masikioni. Alipoinama kulifuta jina, akasikia ti-ti-ti za sindano za kufuma. Miaka kumi na tisa Bi Enid alifuma soksi vikaoni. Ikafuata harufu ya pipi za mnanaa na koti la sufu lililolowa mvua.

"Napinga," kiti kitupu kikasema.

Hakuna aliyegeuka.

Bajeti ile ingefunga kituo cha wazee cha Mtaa wa Tanner. Pale Bi Enid alikuwa akila chakula cha mchana meza moja na mama yake Clive, ambaye siku hizi amemsahau mwanawe lakini wenzake wa meza ile anawajua wote kwa majina. Mhazini alishaeleza, macho chini: serikali kuu imepunguza ruzuku, kodi ya majengo imefika kikomo, na sheria hairuhusu bajeti yenye pengo.

Clive akajumlisha. Ishirini na nne wanakubali. Ishirini na nne wanapinga. Sindano zikaongeza kasi, akaitazama kalamu yake ikijisogeza yenyewe kuelekea jina alilolifuta, naye hajui kama mkono unaoisukuma ni wake, au wa yule aliyeketi pale bila kuonekana, akingoja kuhesabiwa.

Akamwinamia Meya. "Mheshimiwa, kuna kura moja imezidi."

"Ya nani?"

"Ya Bi Enid. Yupo kitini pake."

Meya, Bi Pargeter, akamshika kiwiko taratibu. "Clive, ndugu yangu, kanywe maji. Wafu hawapigi kura." Kura zikilingana, mwamuzi ni Meya. Akasema "Nakubali" kwa sauti iliyokatika, akajipangusa machozi kwa ncha ya joho lake jekundu.

Bajeti ikapita.

Madiwani wakaenda kunywa chai, hakuna aliyemtazama mwenzake. Sindano hazikunyamaza. Clive akakiendea kiti. Juu yake palikuwa na soksi moja ya kijivu, imelowa mvua, kisigino bado hakijafumwa.

"Bi Enid," akanong'ona, "kura zimekwisha. Nenda kapumzike, mama."

Sindano zikasimama.

"Niende wapi, Clive? Kituo mmekifunga."