Kamera Kubwa ya Kija

Kija alipiga picha nje ya duka moja la vocha za simu pale mtaa wa Mabatini. Alitundika shuka la bluu ukutani, akaweka kiti mbele yake, na wateja wa picha za pasipoti wakaja wenyewe. Mtoto akikataa kutulia, Kija alimtolea ulimi. Mzee akikunja uso, alimuuliza kama amekuja kupiga picha au kudai shamba. Mzee akicheka, Kija alibonyeza.

Kamera yake ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni. Aliijua kama alivyolijua jiko lake. Alijua mahali pa kuzima flashi bila kutazama. Alijua asimame wapi jua likiwa kali. Kila alichokipiga alikiona papo hapo kwenye skrini, na picha ikiwa mbaya aliirudia.

Tatizo lilikuwa harusi na misiba. Huko vijana walikuja na makamera makubwa, yale wanayoyaita DSLR, na mshereheshaji alitangaza, "Wapisheni wapiga picha!" Siku moja Kija alitaka kupita nyuma yao. Kijana mmoja akamshika bega.

"Mama, wageni wanakaa kule."

"Na mimi ni mpiga picha."

"Kwa hicho?" Wakatazama kiganja chake, wakaangua kicheko.

Kudharauliwa kunauma, nani asiyejua? Kija aliondoka pale, kamera mfukoni. Basi akafanya kosa ambalo wengi wetu tungelifanya. Alidhani kinachomkosesha heshima ni ukubwa wa kamera, na kwamba akipata kubwa mengine yote yatakuja nyuma.

Akaenda kwa muuza vifaa vilivyotumika. Akaiacha kamera ndogo, akaongeza fedha juu, akapewa kubwa.

"Inatumiwaje?" aliuliza.

"Mama, hii ni DSLR," muuzaji alisema, kana kwamba neno hilo lingempigia picha. "Weka hapa kwenye otomatiki. Itafanya kila kitu yenyewe."

Nyumbani mumewe, Mihayo, aliigeuzageuza mikononi. Mihayo ni seremala.

"Umeshaijaribu?"

"Nitaijaribia kazini."

"Mimi nikinunua randa mpya, sianzi na mlango wa mteja."

"Randa na kamera wapi na wapi, Mihayo!"

Mihayo akamrudishia. Kija akaitundika kamera shingoni, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Alijipenda sana.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Alikuwa Masele wa Pasiansi, ambaye Kija aliwahi kupiga picha za familia yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Dada Kija, Nkwabi wetu amekufa maji."

Kija akaketi chini. Nkwabi, mwana wa Masele, alikuwa na miaka saba. Alikwenda kuoga ziwani na wenzake, akateleza kwenye mawe. Wavuvi walimtoa, lakini alikuwa ameshakata roho.

"Mungu wangu! Na mama yake, Rebeka, yuko wapi?"

"Rebeka yuko hospitali. Amejifungua kwa upasuaji, amepoteza damu nyingi. Daktari amemkataza kuinuka kitandani. Wazee nao wamesema msiba wa mtoto hauongezewi siku, tunazika leo kwetu Misungwi." Masele alishindwa kuendelea, kisha akajikaza. "Rebeka ameomba kitu kimoja tu. Anataka auone uso wa mwanawe. Ule wa mwisho, akiwa amelala. Nikakutaja wewe."

"Nakuja," alisema Kija.

Sebule ya Masele ilijaa watu. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na taa moja tu iliwaka. Katikati palikuwa na jeneza dogo jeupe. Juu ya uso wa mtoto kulikuwa na kidirisha cha kioo ili watu wamuage. Kaka mkubwa wa Masele alisimama mlangoni akasema kwa ukali:

"Simu zote mfukoni! Sitaki kumkuta mtoto wetu kwenye makundi ya simu. Anayepiga ni huyu mama peke yake. Mpisheni."

Watu wakampisha. Wanaume kwa wanawake walirudi nyuma kwa sababu ya ile kamera. Mungu amsamehe, hata pale mbele ya jeneza la mtoto, Kija alisikia utamu kidogo moyoni.

Akainama. Akaweka jicho kwenye kile kitundu cha kuchungulia. Alimwona Nkwabi vizuri kabisa: kope zake, midomo yake, pamba puani. Machozi yakamlenga, lakini akabonyeza. Kidude cha flashi kilichomoka chenyewe juu ya kamera, kikamulika chumba chote. Watu wakashtuka. Kija angependa kukizima, ila hakujua kinazimwa wapi, akaona haya kuonekana anababaika na vitufe mbele ya wafiwa. Akabonyeza tena. Na tena. Skrini hakuitazama. Aliyaamini macho yake, kwa kuwa kwenye kitundu mtoto alionekana.

Wakafunga jeneza. Wakaenda Misungwi. Makaburini jua liliwaka, na Kija alipiga kila kitu: udongo, mashada, Masele akishikiliwa na ndugu zake wawili.

Kesho yake alikwenda duka la picha kuzisafisha, yaani kuzitoa kwenye karatasi. Kijana wa kompyuta alizifungua moja baada ya nyingine. Za makaburini zilikuwa safi, hata majani ya shada ungeyahesabu. Kisha zikaja za sebuleni.

"Hizi zimekuwaje?" kijana aliuliza.

Kija alisogea. Jeneza lilionekana. Maua yalionekana. Pale penye kioo, pale penye uso wa Nkwabi, palikuwa na doa jeupe la mwanga. Picha ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Zote.

"Zirekebishe," Kija alisema. "Punguza huo mweupe. Nakuomba."

"Mama, chini ya huu mweupe hakuna kitu. Siwezi kurudisha ambacho kamera haikukichukua."

Alimpigia Masele, akamweleza yote bila kuficha.

"Mimi siwezi kumwambia Rebeka," Masele alisema. "Siwezi, dada Kija."

"Nitakwenda mwenyewe."

Kija alisafishiwa picha moja, akaipeleka hospitali. Rebeka alikuwa amelala ubavu, kitoto kichanga pembeni yake. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Alipomwona Kija aliunyoosha mkono kabla hata ya salamu.

"Nipe."

"Mama Nkwabi, kwanza nikuambie..."

"Nipe kwanza."

Kija akampa. Rebeka aliitazama picha kwa karibu. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaanza kusugua lile doa jeupe kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepangusa unga.

"Mbona siuoni uso?"

"Ni mwanga wa kamera. Uligonga kioo cha jeneza, ukarudi. Sikujua. Kamera ilikuwa mpya, na sikuwa nimejifunza kuitumia."

"Kuna nyingine?"

"Zote ziko hivyo."

Rebeka hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliendelea kusugua, na Kija akasimama pale mpaka muuguzi alipokuja kumtoa.

Jioni ile Kija aliiweka kamera kwenye mfuko wa plastiki wa rambo. Alitaka kuirudisha kwa yule muuza vifaa, hata kwa nusu ya bei. Mlangoni alikutana na jirani yake, Bi Safia. Bi Safia amepiga picha za harusi miaka mingi, hasa upande wa akina mama, ambako wapiga picha wanaume hawaruhusiwi kuingia.

"Shikamoo, Bi Safia."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo?"

Kija akamwaga yote, pale pale mlangoni. Bi Safia alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole," alisema. "Kosa lako ni kubwa, sitakudanganya. Lakini kamera haina kosa. Kesho asubuhi njoo kwangu. Njoo nayo."

Asubuhi Bi Safia alifunga mapazia ya sebule yake. Alilaza kikombe mezani, na juu yake akaweka kioo cha fremu ya picha, kikishikiliwa na vitabu viwili vinene.

"Piga kama ulivyopiga siku ile."

Kija akapiga. Flashi ikachomoka, ikamulika.

"Sasa tazama skrini."

Doa jeupe. Kikombe hakionekani. Kija akajishika mdomo.

"Lakini kwenye kitundu nilikiona!"

"Ulikiona kabla ya kubonyeza. Kamera hii ina kioo kidogo ndani. Unapobonyeza, kinanyanyuka na kitundu kinafumba. Kwa hiyo picha yenyewe hukuiona. Ndiyo maana baada ya kupiga lazima utazame skrini, tena ukuze uone kama uso umetoka safi. Ile ndogo ilikuzoesha kuona picha palepale. Hii unachungulia kwanza, kisha unahakikisha."

"Basi ndogo ni bora."

"Kwa kazi gani?" Bi Safia aliuliza. "Kwa picha zako za pasipoti, nje, mchana, ndogo inatosha kabisa. Nyepesi, haisumbui. Mtu anayepiga picha za familia tu, mimi humwambia anunue ndogo asijitese. Lakini kile kipande chake cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo sana. Mahali penye giza picha inakuwa na chengachenga. Hii kubwa kipande chake ni kikubwa, kinakusanya mwanga mwingi. Kwa kanisani, sebuleni, usiku, au picha ya kutundika ukutani, hii itakufaa. Ila haifanyi kitu yenyewe. Usipokuwa tayari kujifunza, utabeba mzigo shingoni bure."

"Muuzaji alisema otomatiki inatosha."

"Muuzaji alikuwa anauza. Otomatiki ilipoona giza, ikawasha flashi. Haijui kama mbele kuna kioo, wala kama kuna maiti."

Akamwonyesha namna ya kuitoa kwenye otomatiki na kuzima flashi. Akamwonyesha ISO, yaani namna ya kuiambia kamera iwe na macho makali zaidi gizani. Akamwambia aegemeze viwiko mezani mkono usitetemeke. Mwisho akamvuta bega.

"Usisimame usawa wa kioo. Pita pembeni, taa isikurudie."

Kija akapiga. Akatazama skrini, akakuza. Kikombe kilikuwepo, na ua lake jekundu, na ufa mdogo kwenye mdomo wake. Kija akalia kwa sauti. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo! Lilikuwa la asubuhi moja tu.

"Lia," Bi Safia alisema. "Halafu piga tena."

Kija hakuiuza ile kamera. Alisimamisha kazi za harusi na misiba. Aliazima kamera ndogo ya Bi Safia kwa picha za pasipoti, na kila siku alifanya mazoezi na ile kubwa: jikoni, chini ya kitanda, kwenye karakana ya Mihayo yenye vumbi. Alinunua betri ya akiba na memori kadi ya pili. Alijifunza kwamba lenzi nayo huchaguliwa, na kwamba iko lenzi ya bei nafuu isiyovuta karibu wala mbali, ila inaona vizuri gizani. Mteja akija na kazi, alimuuliza kwanza: ni ndani au nje, mchana au usiku, picha ni ya ukubwa gani? Jibu ndilo lililomwambia abebe ipi.

Miezi ikapita. Siku moja Rebeka alimpigia simu mwenyewe.

"Nakwenda Misungwi kuliona kaburi. Sijawahi kuliona. Njoo na kamera."

"Nitakuja. Sitaki malipo."

"Sikukuuliza malipo," Rebeka alisema, akakata simu.

Kaburini Rebeka hakutaka picha. Alikaa chini kwenye udongo mpaka mvua ilipoanza, ndipo wakwe zake wakamwingiza ndani. Nyumba ya bibi yake Nkwabi ilikuwa na dirisha dogo, na mawingu yalikuwa yameitia giza. Rebeka alikaa kwenye mkeka, akampakata mtoto wake. Mtoto alisinzia.

"Sasa," Rebeka alisema. "Mpige huyu. Akiwa amelala."

Kija akaitoa ile kamera kubwa. Akapiga magoti, akaegemeza viwiko kwenye kigoda. Flashi ilikuwa imezimwa. Alihakikisha mara mbili. Akasogea pembeni mpaka mwanga hafifu wa dirisha ukaliangukia shavu la mtoto. Akabonyeza. Akatazama skrini, akakuza, akatazama tena. Kisha akampa Rebeka kamera.

Zilionekana kope za mtoto. Zilionekana nywele laini za kwenye paji, na mate kidogo pembeni ya mdomo. Rebeka aliinamia skrini kwa muda mrefu. Nje mvua ilipiga bati.

"Nkwabi alikuwa analala hivi hivi," alisema. "Mdomo wazi."

Rebeka akamrudishia kamera.

"Ile nyingine sijakusamehe, Kija. Bado."

"Najua, mama Nkwabi."

"Hii nisafishie," Rebeka alisema. "Nisafishie kubwa."