Kilichohama Dampo

Bomba la gesi pale dampo lilikuwa linavuta badala ya kutoa. Injinia alipoliziba mdomo kwa kiganja, kiganja kikang'ang'aniwa, akakichomoa kwa nguvu.

"Umeona?" dereva wa buldoza alinong'ona, ingawa walikuwa wawili tu, tena juani. "Taka hupumua kutoa, bosi. Hazivuti."

"Upepo huo."

Akili nyingi huondoa maarifa, na injinia wetu alikuwa nazo za kumwaga. Dampo lile lilikuwa likifuka moshi miaka yote, watoto wa mtaa wanakohoa mpaka usingizini, binti yake wa pekee akiwamo. Kwa ajili ya kifua cha binti huyo ndipo akachora mpango wa kulifunga kwa awamu: kwanza bondeni, kisha katikati, mwisho getini, maana malori yalihitaji njia. Kila sehemu isawazishwe, ifunikwe udongo wa mfinyanzi, ishindiliwe, ipandwe nyasi. Mpango safi kabisa. Ila ulisukuma kila kitu kuelekea getini, na nyumba ya kwanza nje ya geti ilikuwa yake.

Bondeni palipofungwa, harufu ya nywele zinazoungua ilihamia katikati. Katikati palipofungwa, ikasogea getini, na madereva wakaanza kusikia kitu kikikwaruza chini kwa chini, kikifuata matairi. Dereva wa buldoza akaacha kazi.

"Sijachoka kuishi, bosi," alisema, akaondoka bila kugeuka.

Injinia alimcheka. Siku waliyoshindilia sehemu ya mwisho wakuu walikuja wakakata utepe, mashine zikapakiwa na kuondoka, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Mkewe alimdaka mkono mlangoni. "Usipaze sauti, baba. Njoo umwone mwanao."

"Anakohoa?"

"Afadhali angekohoa."

Mtoto alikuwa jikoni, ameketi kando ya ndoo ya taka, mdomo wazi, anavuta pumzi, anavuta, anavuta, na pazia la dirisha likamwelekea, na moto wa jiko ukalala upande wake, na maganda yakaanza kutambaa kutoka kwenye ndoo kuifuata midomo yake, na nyumba nzima ikanuka nywele zinazoungua, na baba mtu akasimama pale akisubiri aitoe pumzi ile, naye asiitoe.

Mganga aliitwa, akaja mbio. Alimwinamia mtoto, akasema naye maneno yasiyosikika vizuri, akatega sikio kifuani pake kwa muda mrefu. Kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Aliyemwingia, kutoka anakubali," alisema kwa sauti ya chini. "Anauliza aende wapi."

"Si arudi dampo!"

"Anasema mmemzibia."

"Basi mpeleke kwingine, mzee wangu, nakuomba," mama mtu alilia.

"Mahali pengine hapajui, mwanangu. Mimi hufungua watu. Ardhi siiwezi."

Injinia alichukua jembe akakimbia getini. Udongo ule aliuchagua mwenyewe, akausimamia mwenyewe ukishindiliwa, akahakikisha hata maji hayapenyi. Jembe lilidunda. Alilipiga tena na tena, akiomba radhi kwa sauti, akikiita kile kilichokuwa chini kwa heshima zote alizozijua, mpaka mpini ukavunjika, akaendelea kwa kucha. Hakutoboa hata shimo la kupitisha kidole. Aliketi juu ya udongo ule akilia kama aliyefiwa.

Mkewe alimfuata, mtoto begani. Injinia aliinua macho. Binti alimtazama kwa upole, akamfuta machozi, na sauti ikatoka kifuani mwake, midomo ikiwa imetulia tuli.

"Usijichoshe, baba. Huku kunanitosha."