Mzinga wa Mwisho

Haya nimeyapata kwa rafiki yangu mfanya usafi, na si mtu wa kuzua. Alikuwa anatafuta kibarua katika ngome kuukuu iliyojengwa kulinda bandari. Msimamizi akampandisha ukutani, penye mizinga iliyokuwa ikizuia meli za maadui.

"Huu wa mwisho unanuka, dada. Wageni wanalalamika. Ukiusafisha, kazi ni yako."

Rafiki yangu akachungulia ndani. Giza tupu, na harufu ya mdomo uliolala na njaa. Hata hivyo akafunga tambara kwenye mpini wa fagio, akausukuma humo. Kule ndani kitu kikameza mate.

"Panya huyo," msimamizi akasema, huku akirudi nyuma.

Rafiki yangu akausukuma tena. Safari hii mpini ukavutwa, na wote wawili wakasikia kutafuna kwa kelele, kama mtoto asiyefunzwa adabu ya kula. Akavuta kwa nguvu zake zote. Tambara likatoka lina joto, likichuruzika udenda mzito. Rafiki yangu akatapika palepale, na hamu ya kazi ikamwisha.

Msimamizi ndiye aliyeligeuza tambara kwa ncha ya kiatu. Ndani ya ule udenda lilikuwa limenasa jino la maziwa, bado lina damu mbichi.